Siku moja Bologna: jelato ya kweli unaijuaje, na Mwislamu ale nini?

Msomaji wetu wa Malindi anauliza: "Nimekulia Malindi, kwenye Waitaliano wengi, kwa hiyo jelato si ngeni kwangu. Septemba mimi na mke wangu tutakuwa Florence, Italia, na tumetenga siku moja twende Bologna kula tu, makumbusho hatuyataki. Nitaitambuaje jelato iliyotengenezwa palepale dukani, si ya unga wa pakiti? Sisi ni Waislamu, na mke wangu maziwa yanamsumbua tumbo. Tutakula nini katika mji unaosifika kwa nguruwe? Na je, euro 60 zitatutosha wote wawili, nauli kando?"

Zitatosha, kwa masharti mawili: kahawa mnywe wima kwenye kaunta, na jelato msinunue mahali ambapo bei haijabandikwa. Hesabu yenyewe iko huko mbele. Tuanze na jelato, ile aiskrimu ya Kiitaliano, kwa sababu ndiyo mnayoifuata, na ndiyo inayodanganya watu kuliko vyakula vyote vya mji ule.

Neno la kulipuuza ni "artigianale", yaani ya kutengenezwa kwa ufundi wa mkono. Utaliona kwenye kila mlango. Sheria ya Italia haijaliwekea jina hilo masharti makali, kwa hiyo aliyesaga pistachio zake asubuhi na aliyekata mfuko wa unga akamimina maziwa juu yake, wote wanalibandika dirishani. Acha kibao, tazama bidhaa.

Kwanza tazama umbo. Ukikuta jelato imepandishwa mlima, imetokeza shubiri nzima juu ya ukingo wa chombo, imechorwa mawimbi na kuchomekwa matunda na biskuti, na ni saa tisa alasiri jua kali, jiulize mlima huo umesimamishwa na nini. Jelato huuzwa ikiwa kwenye nyuzi 12 hadi 14 chini ya sifuri, wakati aiskrimu ya kiwandani huhifadhiwa kwenye 18 chini ya sifuri au zaidi. Kwenye nyuzi hizo jelato ni laini, inachoteka kwa mwiko bapa bila kutumia nguvu. Sehemu iliyotokeza juu ya ukingo inapigwa na hewa ya dukani, haipati baridi ya chombo, kwa hiyo ikiwa ni maziwa, malai na sukari peke yake itaanza kulegea. Isipolegea, ujue imeshikiliwa na mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani, vigandishaji vingi na hewa nyingi. Hewa nayo ina hesabu yake: jelato nzuri huongezeka ujazo kwa asilimia 20 hadi 35 hivi inapokorogwa, ilhali aiskrimu ya bei rahisi inaweza kufika asilimia 100, yaani nusu ya unacholipia ni upepo.

Vyombo vya kutafuta ni vile bapa ambavyo jelato imesawazishwa chini ya ukingo, au mitungi ya chuma iliyozamishwa ndani ya kaunta na kufunikwa kwa vifuniko. Mitungi hiyo Waitaliano huiita "pozzetti", visima vidogo. Huoni chochote mpaka muuzaji afunue, na ndiyo faida yake: baridi haipandi wala kushuka, na mwanga hauharibu rangi wala harufu. Ila usidhani kifuniko ni cheti. Wapo walionunua mitungi na bado wanatia unga wa pakiti.

Kisha rangi. Pistachio iliyosagwa haina rangi ya kijani ya kung'aa. Ina rangi ya choroko zilizochemka, kijani kilichofifia kinachoelekea kahawia, hasa zikiwa zimekaangwa. Ukiona kijani cha bendera, hapo kuna rangi, na mara nyingi kuna lozi zimechanganywa kupunguza gharama, maana pistachio ni ghali na zile za Bronte, Sicily, ni ghali zaidi. Harufu itakuthibitishia: ukinusa kitu kama lozi chungu, sawa na ile arki ya chupa inayotiwa kwenye keki, hiyo si pistachio. Ndizi iwe nyeupe inayoelekea kijivu, kwa sababu ndizi ukiiponda inabadilika rangi. Ya manjano ni ganda tu, na ganda haliliwi. Limau iwe nyeupe. Mnanaa uwe mweupe au kijani hafifu sana, usiwe kama dawa ya meno.

Na stracciatella, ile nyeupe yenye vipande vya chokoleti, ina ushahidi wake ndani. Ladha hii ilibuniwa Bergamo mwaka 1961, na njia yake ni hii: jelato nyeupe ya maziwa inapokaribia kuwa tayari, chokoleti iliyoyeyushwa inamiminwa juu yake kama uzi. Inagusa baridi, inaganda papo hapo, kisha mwiko unaivunja. Kwa hiyo vipande vinakuwa vya ovyo: vingine vyembamba kama ganda la kitunguu, vingine virefu, vingine vumbi tu. Ukikuta vyote vina ukubwa mmoja, vimetoka kwenye mfuko.

Baada ya macho, karatasi. Sheria ya Ulaya inamtaka muuzaji aweze kukuonyesha vitu vinavyosababisha mzio, na duka linalojiheshimu lina ubao ukutani au daftari lenye viambato vya kila ladha. Sema "posso vedere gli ingredienti?" Anayekunja uso au kusema hana, mwache. Unaposoma, orodha fupi ni dalili nzuri: "latte" ni maziwa, "panna" ni malai, "zucchero" ni sukari, "tuorlo" ni kiini cha yai. Ukikuta "farina di semi di carrube" usiogope. Ni unga wa mbegu za mkarobi, na kiasi chake huwa kidogo mno, chini ya gramu 5 kwa kilo. Kinachopaswa kukufanya urudishe daftari ni "grassi vegetali idrogenati", mafuta ya mimea yaliyogandishwa, na rangi kama E102 ya manjano au E141 ya kijani kwenye ladha inayodai kuwa ni tunda au pistachio tupu.

Mwisho ni ulimi, na hapa ni vizuri kujua jelato inavyotengenezwa, ili ukionja kasoro ujue imetokea wapi. Mchanganyiko unapashwa hadi karibu nyuzi 85, unapoozwa haraka hadi 4, unaachwa upumzike saa kadhaa ili unga wa maziwa unywe maji na mafuta yatulie, halafu unaingia kwenye mashine ya kukoroga huku ikigandisha, iitwayo "mantecatore". Dakika saba hadi kumi hivi, inatoka ikiwa kama nyuzi 8 chini ya sifuri, laini kama ugali uliosongwa vizuri. Fundi akiiacha nje ikalainika kisha akairudisha kwenye baridi, maji yaliyoachana yanaganda upya kwa chembe kubwa; utaisikia barafu ikivunjika menoni. Ikiwa na punje laini kama mchanga ambazo haziyeyuki haraka, basi ametia maziwa ya unga kupita kiasi na sukari ya maziwa imejitenga. Ikiacha utando kwenye kaakaa kama baada ya kula kitumbua chenye mafuta ya jana, ni yale mafuta ya mimea. Na ukimaliza kikombe ukajikuta unatafuta maji kwa kiu, sukari imetumika kuficha upungufu wa kitu kingine. Jelato nzuri, jambo ambalo wengi hawalitarajii, huisikii baridi sana mdomoni; ladha inafika kabla ya ganzi.

Kwa kupima duka jipya, chagua ladha isiyoweza kujificha. Wengi hukimbilia pistachio, na ni sawa, lakini kipimo kikali zaidi ni "fiordilatte": maziwa, malai, sukari, basi. Haina chokoleti wala njugu ya kufunika maziwa duni. Upande wa matunda, kipimo ni limau.

Sasa mkeo. Kitu cha kwanza atofautishe maneno mawili. "Senza lattosio" maana yake laktosi, ile sukari ya maziwa, imeondolewa, lakini maziwa yamo. "Senza latte" maana yake hakuna maziwa kabisa. Kwa tumbo linalosumbuliwa na laktosi yote mawili yanafaa. Kwa mtu mwenye mzio wa protini ya maziwa ni la pili tu, na hata hilo kwa tahadhari kubwa, kwa kuwa mashine na miiko ni ileile. Matunda mengi hutengenezwa kama "sorbetto", yaani maji, sukari na tunda: limau, stroberi, pichi, embe, na Septemba utakuta tini na zabibu. Lakini usichukulie kwamba kila tunda ni sorbeti, maana stroberi nyingine zina maziwa. Chokoleti nyeusi nayo, "fondente", katika maduka mengi mazuri hutengenezwa kwa maji, na huwa nzito na nzuri kiasi kwamba aliyezoea maziwa hatambui. Ulizeni "è senza latte?" na mkitaka muuzaji asitumie mwiko uliotoka kwenye malai, "può usare una paletta pulita?" Famasi za Italia zinauza vidonge vya laktasi, kimeng'enya kinachovunja laktosi, vya kumeza mtu anapoanza kula, amuulize mwenye famasi kipimo kinachomfaa.

Kwa upande wa halali, jelato ni rahisi kuliko chakula, ila ina mitego yake. Pombe ndiyo inayojificha zaidi. "Malaga" ni zabibu kavu zilizolowekwa kwenye ramu. "Zuppa inglese", ladha inayopendwa sana mkoa ule, ina alchermes, pombe nyekundu ya viungo, ambayo kwa kawaida rangi yake ilitoka kwa wadudu wa kochinili. Tiramisu mara nyingi ina marsala au ramu. Kuna "croccantino al rum" ambayo jina lake linajitaja lenyewe. Mtego wa pili ni "gelatina", jelatini ya kugandishia. Bila maelezo zaidi, huko Ulaya mara nyingi ni ya nguruwe. Itafute kwenye ladha za "panna cotta", kwenye mousse na kwenye keki za baridi zinazouzwa kaunta ileile. Mtego wa tatu ni mwiko wa kuchotea: muuzaji anaweza kutoka malaga akaingia fiordilatte. Ile sentensi ya "paletta pulita" inawafaa wote wawili.

Kwenye kununua kwenyewe, maduka mengi yanataka ulipe kwanza. Unaenda "cassa", unataja ukubwa na kama ni koni au kikombe, "due coppette piccole", unapewa risiti, kisha unaipeleka kwenye kaunta na kutaja ladha. Kikombe kidogo huchukua ladha mbili, wakati mwingine tatu, kwa karibu euro 3. Mahali pa kuumizwa ni yale maduka ya kando ya viwanja vikubwa ambapo muuzaji hakuulizi ukubwa: anashika koni kubwa kuliko zote, anapakia, anakukabidhi, halafu anataja euro 10 au zaidi. Neno "piccola", yaani ndogo, liseme kabla hajagusa mwiko. Akikuuliza "panna?" anataka kukuwekea malai iliyopigwa juu, penginepo ni bure, penginepo inalipiwa, na kwa mkeo jibu ni "no, grazie". Kuonja kunaruhusiwa, "posso assaggiare?", ladha moja au mbili, si sita wakati foleni imefika barabarani.

Chukueni kikombe badala ya koni angalau mara ya kwanza. Koni ina ladha yake, na baadhi zina unga wa maziwa. Wala msichanganye limau na kitu cha malai katika kikombe kimoja. Ukali wa limau unaua malai, na malai inaiachia limau ladha ya maziwa yaliyokatika. Tunda na tunda, au njugu na chokoleti. Halafu msitembee nayo kusaka kiti cha mandhari. Jelato ina dakika kumi za ubora, na Septemba Bologna bado kuna joto.

Kuhusu maduka yenyewe, matatu yenye jina la siku nyingi yanafaa kwa ramani yenu: Sorbetteria Castiglione iliyo mtaa wa via Castiglione, Cremeria Santo Stefano iliyo via Santo Stefano, na Galliera 49, ambayo jina lake ndiyo anwani yake, via Galliera namba 49. Hilo la tatu lina faida ya kuwa kwenye njia ya kurudi stesheni. Yapimeni kwa vipimo hivyohivyo. Jina kubwa halimzuii mtu kuwa na siku mbaya.

Tuje kwenye chakula, na hapa lazima tuseme wazi: vyakula vitatu vinavyoutangaza mji ule hamtavigusa. Mortadella ni soseji nene ya nguruwe. Ragù, mchuzi wa nyama wa tagliatelle (tambi bapa), ulisajiliwa rasmi kwenye Chemba ya Biashara ya Bologna mwaka 1982, na ndani ya maelezo yake mna pancetta, nyama ya tumbo la nguruwe, pamoja na divai. Hata mkiambiwa ni "ya ng'ombe", hamtakuwa mmekula ragù isiyo na nguruwe isipokuwa mpishi athibitishe. Lasagne ya kijani ya Bologna, tambi pana zilizopangwa tabaka kwa tabaka, hutiwa ragù hiyohiyo. Na tortellini, vile vifundo vidogo vinavyoliwa kwenye supu, vimejazwa nyama ya nguruwe, prosciutto (paja la nguruwe lililokaushwa) na mortadella, pamoja na jibini, yai na kungumanga.

Lakini angalieni herufi moja. TortellINI ni vidogo na vina nguruwe. TortellONI ni vikubwa, na kwa desturi vinajazwa ricotta (jibini laini), Parmigiano (jibini gumu) na kotimiri au mboga za majani. Hivyo ndivyo chakula chako wewe. Agiza "tortelloni burro e salvia", yaani kwa siagi na majani ya salvia, au "al pomodoro", kwa nyanya. Rudia neno hilo kwa mhudumu na umwonyeshe kwa kidole kwenye menyu, kwa sababu katika kelele za saa saba mchana "ini" na "oni" husikika vilevile. Jambo jingine la jikoni: maji ya kuchemshia tambi mara nyingi ni ya sufuria moja kwa aina zote. Anayeona hilo ni tatizo aulize mapema, au achague mkahawa usiouza nyama.

Ricotta haimfai mkeo. Yeye aagize "tagliatelle al pomodoro, senza burro, senza formaggio". Tagliatelle za Bologna ni unga na mayai, hakuna maziwa, na zinasukumwa kwa mti mrefu mpaka unaona mwanga ukipita. Upana wake nao umesajiliwa, mwaka 1972: milimita 8 zikishapikwa, ambayo wanasema ni sehemu moja ya 12,270 ya urefu wa mnara wa Asinelli. Waitaliano huwezi kuwashinda kwa mambo haya. Baada ya hapo anaweza kuongeza jibini, na si mzaha: Parmigiano Reggiano iliyokomaa haina laktosi ya kuhesabika, kwa sababu bakteria huimaliza ndani ya siku mbili za kwanza, na jibini lenyewe halitoki ghalani kabla ya miezi 12. Ila linagandishwa kwa kitu gani? Kwa "caglio", kimeng'enya cha tumbo la ndama ambaye hakuchinjwa Kiislamu. Wanazuoni wametofautiana juu yake, fuateni mnayemfuata. Mkiamua kuliepuka, tafuteni jibini lililoandikwa "caglio vegetale" au "microbico", ingawa hayo si Parmigiano.

Mtego mkubwa kuliko nyama ni "strutto", mafuta ya nguruwe, kwa sababu yamo mahali ambapo huyategemei. Yamo kwenye tigelle, vile vimkate vya duara vinavyopashwa kwenye chuma. Crescentine, maandazi yao yasiyo na sukari, mara nyingi hukaangwa humo. Piadina ya Romagna inaweza kutengenezwa kwa strutto au kwa mafuta ya zeituni, zote mbili zinakubalika. Na friggione, vitunguu vilivyopikwa saa nyingi na nyanya mpaka vikawa rojo tamu, kitu ambacho mla mboga yeyote angekirukia, kwa mapishi ya asili kinapikwa kwa strutto. Swali ni fupi: "c'è strutto?", litamke "che strutto". Mengine ya kukariri ni "maiale" (nguruwe), "ciccioli" (masalia ya mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa), "pancetta", "lardo" (mafuta ya mgongo wa nguruwe), "guanciale" (shavu la nguruwe) na "vino" (divai).

Kwenye maduka ya jibini kuna jambo dogo ambalo watu hulisahau. Mashine ya kukata slesi inakata mortadella, inakata prosciutto, kisha inakata jibini lako. Ombeni kipande kizima kinachokatwa kwa kisu kutoka kwenye gurudumu la jibini. Gramu 200 za Parmigiano ya miezi 24 ni kama euro 5, na pamoja na zabibu za sokoni ni chakula cha alasiri kisichohitaji meza.

Kitamu kingine kitakachokukumbusha nyumbani ni "torta di riso": mchele uliochemshwa kwenye maziwa na sukari, ukachanganywa na mayai na lozi, ukaokwa na kukatwa vipande vya almasi. Ni binamu wa mkate wa sinia, asiye na nazi wala hamira. Kwa bahati mbaya mara nyingi hupakwa pombe ya lozi juu baada ya kuiva, kwa hiyo "c'è liquore?" kwanza.

Siku yenyewe ipangeni kwa kufuata saa za jikoni. Mikahawa hupika chakula cha mchana kuanzia kama saa sita na nusu hadi saa nane na nusu, kisha majiko yanazimwa mpaka jioni. Anayefika saa tisa na njaa ataishia kwenye sandwichi ya mortadella. Treni ya kasi kutoka Florence inachukua chini ya dakika 40, karibu njia nzima ikiwa ndani ya mahandaki. Ya mkoa ni kama euro 10 lakini inakula saa moja na nusu hadi mbili, mara nyingi kwa kubadili Prato, na tiketi yake ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Tokeni asubuhi mfike saa tatu na nusu, ambayo kwenye ubao wa stesheni itaandikwa 09:30. Jumapili iepukeni, masoko yamelala.

Kutoka stesheni shukeni via dell'Indipendenza moja kwa moja, dakika 20 kwa miguu hadi Piazza Maggiore, kiwanja kikuu cha mji. Karibu njia yote mtakuwa chini ya baraza ndefu zenye paa na nguzo, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021; jua na mvua havitawagusa. Kahawa njiani, kwenye kaunta, na kwa mkeo kuna "cornetto vegano", kroasanti isiyo na maziwa, kwenye baa nyingi za kahawa. Nyuma ya kiwanja upande wa mashariki ndipo Quadrilatero, vichochoro vya via Pescherie Vecchie, via Drapperie na via Clavature, soko la tangu zama za kati. Zungukeni, tazameni wanawake wakikunja tortelloni kwenye mbao, msinunue chakula cha kushibisha. Minara miwili, Asinelli na Garisenda, iko karibu, ila kupanda msipange: tangu Oktoba 2023 eneo lake limezungushiwa uzio kwa sababu ya wasiwasi juu ya Garisenda, ule ulioinama zaidi.

Mezani saa sita na nusu kamili. Jelato ya kwanza si mara baada ya chakula. Subirini kama saa tisa, mkitembea via Santo Stefano ambako kuna kiwanja kizuri cha kupumzika. Ya pili saa kumi na moja na nusu mkielekea stesheni kwa via Galliera. Msile tatu. Baada ya ya pili ulimi hauhukumu tena, unapokea tu.

Hesabu kwa wawili, kwa makadirio: kahawa na cornetto euro 6, tortelloni 14, tagliatelle 12, maji 3, na "coperto", ile ada ya kukaa ambayo si wizi na imeandikwa kwenye menyu, 5. Hapo ni 40. Jelato vikombe vinne 12, jibini 5. Jumla 57. Bakshishi si lazima. Euro tatu zilizobaki ziwekeni kama sarafu. Choo cha stesheni kinalipiwa.

Mtashawishika kubeba jelato hotelini kwenye boksi la povu, "vaschetta". Boksi hilo linaishikilia kama saa moja, na safari yenu kutoka kaunta hadi chumbani Florence ni ndefu kuliko hapo. Hata ikifika salama, kijisehemu cha barafu cha friji ya hoteli hakifiki nyuzi 12 chini ya sifuri. Asubuhi mtakuta supu juu na jiwe chini. Na mkikata tiketi ya kurudi, kumbukeni kwamba majukwaa ya treni za kasi Bologna yako chini kabisa ya ardhi, ngazi juu ya ngazi. Dakika tano hazitoshi. Wekeni 15, na vikombe viwe vimeshatupwa kabla ya kuanza kushuka.